Chemba ya mafuta ya gereji imetapika mvua ya kwanza, nimekosea wapi?

Gereji_ya_Baba, 9 Februari

Wakuu habari za kazi, na wakubwa wote shikamooni.

Nina gereji ndogo Tabata, nimeachiwa na marehemu baba. Tuko wanne: mimi, mafundi wawili na kijana anayejifunza. Siku ikiwa nzuri tunamwaga oili ya magari matano, sita. Uwanja una mteremko. Chini ya mteremko kuna mtaro, mtaro unaingia kwenye kijito, kijito kinaingia Mto Msimbazi. Kuanzia hapo kila mtu wa Dar anajua safari yake: Jangwani, mikoko ya Salenda, bahari.

Enzi za baba mvua ikinyesha tulifurahi, maana uwanja ulikuwa unajiosha wenyewe. Sikuwahi kujiuliza uchafu ule ulikuwa unakwenda kwa nani.

Mwaka jana nikaambiwa. Kuna bibi ana matuta ya mchicha kama mita mia mbili chini yetu. Alikuja asubuhi na ndoo, hakugomba, hata sauti hakupandisha. Akaiweka ndoo juu ya meza ya spana, akatoa fungu la mchicha, akanishika mkono na kunipaka jani moja kiganjani. Likaacha mstari mweusi. Nikanusa. Ilikuwa oili yetu, ile ile ninayonusa mikononi mwangu kila jioni. Akasema, "Huu ndio niliokuwa namletea baba yako." Akachukua ndoo yake akaondoka.

Wiki hiyo hiyo nikatafuta fundi wa kujenga, akanichimbia chemba ya mafuta, yaani shimo la kutenganisha oili na maji. Shimo moja la matofali, ndani mita 1 kwa sentimita 80, maji yanasimama sentimita 90. Bomba la inchi 4 linaingiza, la inchi 4 upande wa pili linatoa, limeshushwa vidole vitatu chini ya lile la kuingiza. Juu wavu na mfuniko wa zege. Ilinigharimu laki sita na nusu. Kiangazi chote ukifunua unaona mafuta meusi yametulia juu. Nikajua nimeshamaliza deni langu kwa yule bibi.

Novemba ikaja mvua ya kwanza ya vuli, ile ya mchana inayoanza bila hata wingu la kutisha. Ndani ya robo saa nikaona mfuniko unavuja pembeni, na kwenye mdomo wa bomba la kutoa kunatoka kitu kizito, cheusi, kinang'aa. Mafuta ya miezi minne yaliyokusanyika mle ndani yote yalitoka kwa mkupuo mmoja. Nilichukua beleshi nikawa namwaga mchanga mtaroni, nao ukasombwa pamoja nayo. Zamani tulikuwa tunampelekea bibi kidogo kidogo kila mvua. Mimi nikamkusanyia, nikampelekea yote siku moja.

Naomba msaada. Mtandaoni nimeona vifaa vya namna nyingi: matangi ya plastiki ya kutenganisha mafuta, mapipa ya mviringo ambamo maji yanazungushwa mpaka mchanga unazama, mifuko ya kuchujia inayoning'inizwa chini ya wavu wa mtaro. Kipi kinanifaa mtu wa kiwango changu? Sitafuti kitu cha kumwonyesha bwana afya akija kukagua. Nataka kinachotoka kwangu kiwe maji. Masika inakuja.

Mzee_wa_Chemba, 9 Februari

Marahaba mwanangu, na pole. Nimejenga na kukarabati chemba za mafuta za vituo vya petroli na yadi za malori kwa miaka 22, kwa hiyo ulichoandika nakiona kama nimesimama hapo. Usinunue kitu bado. Nipe majibu haya kwanza. Paa lina ukubwa gani, na maji yake yanadondokea wapi? Uwanja ni mita ngapi kwa ngapi? Mnatumia sabuni gani, na mnaosha nini? Lile bomba la kutoa, kwa ndani limeishia vipi: lina tii, yaani kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, au limekatwa tu? Na tangu lijengwe mmekomba mafuta mara ngapi?

Gereji_ya_Baba, 10 Februari

Asante mzee wangu. Nimepima leo kwa futi kamba. Paa la bati mita 14 kwa 9, halina gata, maji yanadondokea uwanjani. Uwanja ulio wazi mita 12 kwa 10, na wote unaelekea chemba. Sabuni ni ya unga, tunaoshea injini moja au mbili kwa siku, na kila Jumamosi tunasugua sakafu yote. Bomba limekatwa usawa wa ukuta, halina tii. Kukomba, mara moja tu, mwezi wa nane.

Mzee_wa_Chemba, 10 Februari

Sawa. Sasa tukae chini tupige hesabu, maana fundi wako alijenga bila kuipiga.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hiyo ikae kichwani. Paa lako ni mita za mraba 126, uwanja 120. Chukua mvua kali ya kawaida ya Dar, tuseme milimita 40 kwa saa. Paani zinashuka lita 5,040, uwanjani 4,800. Jumla lita 9,840 kwa saa zinapita kwenye shimo linalobeba lita 720. Gawanya, utaona maji yanakaa mle dakika nne na kidogo, kisha yanasukumwa nje. Na hiyo nimehesabu kama vile mvua inanyesha sawasawa saa nzima. Wewe na mimi tunajua haiji hivyo.

Sasa tone la oili. Wahandisi wa viwanda vya mafuta Marekani walichukua tone la milimita 0.15 kuwa kipimo cha kujengea chemba za kutenganisha. Kwenye maji ya joto la kwetu, tone kama hilo linapanda milimita moja na nusu hadi mbili kwa sekunde. Likianzia chini, sentimita 90 zitalichukua dakika nane au tisa. Wewe umelipatia dakika nne. Na hilo ni tone kubwa! Ukilipunguza tone upana kwa nusu, mwendo wake unabaki robo. Kifaa chenyewe hakina uchawi wowote, ni mahali pa maji kutulia. Maji yasipopata muda wa kutulia, hata ukijenga kwa marumaru ni bure.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko chini ardhini, iko juu. Zaidi ya nusu ya maji yaliyokufurikia ni ya paani, na hayo hayakugusa oili hata tone. Weka gata, shusha bomba, jaza tangi la kuoshea mikono na kumwagia vumbi. Tangi likijaa, ziada iende mtaroni kwa njia yake, isiguse uwanja. Hapo chemba yako imepumzishwa nusu ya mzigo kabla hujagusa tofali.

Kazi ya pili ni sabuni, na hapa ndipo watu wananibishia, kwa hiyo usiniamini, jaribu mwenyewe. Chukua chupa mbili za maji ya kunywa zilizokwisha, zijaze maji robo tatu. Kila moja tia kijiko cha oili chafu. Moja ongeza sabuni ya unga kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Zitikise zote kwa nguvu, uziweke dirishani ukanywe chai. Ukirudi, ile isiyo na sabuni oili imepanda juu na mstari unauona. Ile yenye sabuni imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kesho asubuhi utaikuta hivyo hivyo. Sabuni imelisaga tone la oili. Tone la milimita 0.02 linahitaji zaidi ya saa nane kupanda sentimita hizo 90. Hakuna chemba itakayolingoja. Maji ya sabuni yasiingie humo, basi. Injini muisafishe kwa brashi na dizeli juu ya nusu pipa, dizeli mnaitumia tena kesho. Sakafu mwageni maranda ya mbao, yasuguliwe kwa fagio gumu, yazolewe. Mkiona lazima muoshe gari kwa sabuni, lioshwe sehemu nyingine yenye shimo lake.

Ya tatu ni bomba. Mafuta yanaelea, na bomba lako la kutoa liko juu, limekatwa. Umeyajengea mafuta mlango. Weka tii ya inchi 4: mguu mmoja ushuke ndani ya maji uishie sentimita 40 kutoka chini, mdomo wa juu ubaki wazi juu ya usawa wa maji ili upate hewa na uweze kuzibulia. Hivyo yanayotoka ni maji ya katikati. Mafuta yamebaki juu, tope limebaki chini.

Ukiwa na uwezo, lirefushe shimo liwe mita 2.4 kwa 1 na uligawe vyumba vitatu, kila ukuta uwe na tii yake. Cha kwanza kinashika mchanga na tope, cha pili mafuta, cha tatu ni cha kutazama tu: ukiona weusi humo ujue viwili vya nyuma vinakuita. Kwa uwanja peke yake, mvua ile ile, maji yatakaa dakika 27. Hapo tunaongea lugha moja.

Halafu kabla ya chemba weka kisanduku kidogo cha kupokelea chenye mabomba mawili. La chini, inchi 3, linakwenda chembani. La juu, inchi 6, linakwenda moja kwa moja mtaroni. Maji ya mwanzo wa mvua ndiyo yanayofagia sakafu, hayo yatapita chini. Gharika ikija, ziada itapita juu bila kuvuruga mafuta uliyokwisha kuyakamata. Ndiyo, maji hayo ya juu hayatakuwa yamesafishwa. Lakini ukilazimisha mvua yote ipite chembani utarudia Novemba.

Na kitu kimoja kinachoangusha hata wajenzi wakubwa: chemba ijazwe maji safi kabla ya kuanza kazi. Ikiwa tupu, oili ya kwanza inashuka mpaka chini na kutokea kwenye mguu wa tii. Vivyo hivyo kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba jua linakausha, usawa wa maji unashuka taratibu, siku mguu wa tii ukibaki hewani hakuna kinachozuia mafuta tena. Kila Jumatatu funua, tumbukiza kijiti, ongeza ndoo za maji. Mafuta yakifika unene wa sentimita 5, komba. Tope likifika robo ya kina, toa.

Mdau_wa_Ubungo, 11 Februari

Mzee, na yale matangi ya plastiki ya kutoka nje? Mimi nina yadi ya malori, nimepewa bei, muuzaji anasema yanasafisha hadi miligramu 5 kwa lita.

Mzee_wa_Chemba, 11 Februari

Yapo na ni mazuri. Hiyo ni daraja la kwanza la kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 858. Daraja la pili linaruhusu miligramu 100. Tofauti iko ndani: la kwanza lina sponji au masega ya plastiki ambayo matone madogo yanagongana nayo, yanaungana, yanakuwa makubwa, yanapanda. Lakini kipimo hicho kinafanyika kwa maji na mafuta matupu, na kwa kasi maalumu ya maji iliyoandikwa kwenye kibao. Muulize muuzaji ni lita ngapi kwa sekunde, kisha pima yadi yako kama nilivyomwonyesha kijana. Na ukiendelea na sabuni ya unga, utakuwa umenunua tangi la kawaida kwa bei ya kifaa.

Kijana_wa_Tacoma, 12 Februari

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, na kazi yangu kila siku ni hii: natembea na gari la kunyonya, tunasafisha mashimo ya mitaro ya barabarani. Huku kila baada ya hatua kadhaa pembeni mwa barabara kuna shimo lenye wavu, na chini ya bomba lake la kutoa pameachwa kina cha kushikia tope. Tunapima kwa fimbo. Tope likifika asilimia 60 ya kina hicho, linanyonywa. Ukilichelewesha, mvua inayofuata inalichota na kulipeleka ziwani au baharini kama lilivyo.

Vifaa vyote alivyotaja mwenye mada nimeshavishika kwa mikono yangu. Yale mapipa ya kuzungusha maji yanakamata mchanga, chupa, majani, na yanafaa mtaro mkubwa wa umma, si uwanja wa gereji. Mifuko ya kuning'iniza chini ya wavu ni rahisi na inasaidia, ila mwezi wa kumi majani yakidondoka inaziba na mtaa unajaa maji. Nimeshuhudia mifuko iliyosahaulika, imeoza, ndani mna miche imeota.

Lakini nimeandika kwa sababu ya jambo ambalo chemba ya mafuta hailigusi. Huku kuna samaki anaitwa coho, jamii ya samoni. Kila masika ya huku, yaani miezi ya baridi inapoanza, anatoka baharini kupanda vijito kwenda kutaga. Kwa miaka mingi kwenye vijito vya mjini Seattle walikuwa wanakufa na mayai tumboni, saa chache tu baada ya mvua. Nimemwona mmoja mwenyewe kwenye kijito: alikuwa anazunguka juu ya maji, mdomo wazi, kama mlevi, kisha akalala ubavu. Maji yalikuwa masafi machoni. Desemba 2020 watafiti wakatangaza walichokipata. Kwenye mpira wa tairi huwekwa dawa ya kuuzuia usipasuke, inaitwa 6PPD. Ikikutana na ozoni ya hewani inageuka kitu kingine, 6PPD-kwinoni, kinasombwa na mvua pamoja na vumbi la tairi, na ndicho kinachomuua coho. Hicho hakielei kama oili.

Kilichofanya kazi ni udongo. Kituo cha utafiti cha chuo kikuu cha jimbo, kiko Puyallup, karibu na kwangu, waliyapitisha maji ya barabara kuu kwenye mchanganyiko wa mchanga asilimia 60 na mboji asilimia 40. Samaki waliowekwa kwenye maji yasiyochujwa walikufa. Waliowekwa kwenye yaliyopita udongoni waliishi. Sasa huku utaona bustani zimechimbwa chini ya usawa wa barabara, maji yanaingia, yanazama taratibu. Ndugu yangu wa Tabata, hata wewe una zinki ya tairi na ya bati, una shaba ya breki. Kama una kipande cha ardhi baada ya chemba, kichimbe, kijaze mchanga na mboji, upande matete au nyasi za vetiva. Usipande mboga humo, maana yale madini yanabaki pale pale.

Mzee_wa_Chemba, 12 Februari

Umesema kweli kijana wa Tanga, na nimejifunza. Niongeze tu kwamba mboga za bonde la Msimbazi zimeshapimwa na watafiti zamani, zikakutwa na madini mazito. Kwa hiyo habari ya yule bibi si ya harufu ya oili peke yake.

Nahodha_Forodhani, 13 Februari

Assalaam alaykum. Mie natengeneza mashine za boti hapa Unguja. Maji ya chini ya boti huwa yana dizeli, na kuyamwaga baharini ni haramu kwangu, kwa kuwa bahari hiyo hiyo ndiyo inayonilisha. Tunatumia sufi. Ile pamba ya msufi ya kujazia mito. Haipendi maji kabisa, lakini mafuta inayanywa mara nyingi kuliko uzito wake. Jaza kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu, ushone mdomo, uufunge kwa kamba na kuuacha uelee kwenye chumba chako cha tatu. Ule utando mwembamba uliobaki utaingia mle. Ukiwa mweusi kotekote, utoe, ukamue ndani ya dumu, urudishe. Usiushindilie, sufi iwe na nafasi ya kupumua.

Na mfuniko uzibe sawasawa, tafadhali. Chumba cha tatu kikiwa na maji masafi, mbu watakishukuru.

Gereji_ya_Baba, 13 Februari

Nimefanya jaribio la chupa mbili. Ziko dirishani tangu jana asubuhi, ya sabuni bado ni chai ya maziwa. Mafundi wangu wote wawili wameangalia na hakuna aliyebisha. Sabuni ya unga nimeirudisha nyumbani kwa mama.

Swali dogo: nikishindwa vyumba vitatu mwezi huu, nianze na kipi?

Mzee_wa_Chemba, 13 Februari

Gata, tii, kisanduku cha mabomba mawili. Kwa mpangilio huo. Shimo lirefushwe ukipata. Na mtaro wenyewe usikuvunje moyo. Najua mvua ikianza wapo watakaotapisha vyoo humo humo, chemba yako haiwezi kulitibu hilo. Wewe shika lako.

Gereji_ya_Baba, 21 Aprili

Wakuu, nimerudi.

Gata liliwekwa mwisho wa Februari, na tangi la lita 2,000 linajaa kwa mvua moja. Machi tukarefusha shimo, vyumba vitatu, tii tatu. Kisanduku cha kupokelea nimekijenga mwenyewe usiku kwa usiku. Tulimwaga ndoo za maji safi mpaka bomba la mwisho likadondosha, kisha tukafunga. Nyuma ya chemba nina ukanda wa mita 4 kwa moja na nusu pembeni mwa ukuta, nimeuchimba, nimejaza mchanga na mboji, nimepanda vetiva. Bado ni vijiti tu.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja Jumapili alfajiri. Nilikwenda na tochi. Nilisimama juu ya kile chumba cha tatu nikihofia kuona ule weusi tena. Kisanduku kilijaa, bomba la juu likaanza kumwaga maji ya rangi ya vumbi, hayana mafuta machoni. Nikafunua chumba cha pili: oili imetulia, nene, inapanda na kushuka kidogo tu kama kitu kinachopumua. Cha tatu kilikuwa na maji ya rangi ya chai nyepesi, na mto wa sufi unaelea katikati, umeanza kuwa na baka jeusi upande mmoja. Kulikuwa na utando wa rangi rangi pembeni ya ukuta, mwembamba. Sitasema haukuwepo.

Wiki mbili baadaye nimeukamua mto: karibu lita mbili. Chumba cha kwanza nimekuta tope la urefu wa kidole, jeusi, laini kama wanja, na ndani yake nati, washa na kipande cha pedi ya breki. Nilikishika nikakumbuka yale maneno ya shaba.

Nilijaza chupa mbili, ya uwanjani na ya mdomo wa bomba la mwisho, nikampelekea bibi. Alizifungua zote mbili akanusa. Ya pili akachovya kidole, akakisugua kwenye kanga yake nyeupe, akaangalia. Nilimweleza pia habari ya madini, kwamba pua haiwezi kuyajua, na nikamwomba msamaha kwa jina langu na la baba. Alinyamaza kitambo. Akasema matuta mawili yaliyo karibu na mtaro hatayapanda msimu huu, na mengine atamwagilia kwa maji ya kisima. Nimempa kijana wangu amsaidie kuchota kila jioni.

Mzee, nina swali la mwisho. Tope la chumba cha kwanza nimelitia kwenye madumu mawili yenye mfuniko, na oili niliyokomba iko kwenye dumu lake. Nayapeleka wapi?

Mzee_wa_Chemba, 21 Aprili

Hongera mwanangu, nimesoma mara mbili.

Oili iliyokombwa mkabidhi mnunuzi wa oili chafu mwenye kibali, akuonyeshe karatasi. Asiwe yule wa kupaka mbao kuzuia mchwa karibu na visima vya watu. Tope ni taka hatarishi, lisiende dampo wala shambani. Liweke chini ya paa, juu ya zege, mifuniko imefungwa. Nenda ofisi ya kanda ya NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, uombe majina ya wanaoruhusiwa kuchukua taka hatarishi. Kwa madumu mawili hawatakuja, gharama haitawatosha, kwa hiyo ongea na gereji jirani mjaze pipa zima pamoja mgawane nauli. Ukienda kwa majirani hao, beba zile chupa mbili za dirishani.